Sakafu ya Fuvu

Weka kidole kimoja katikati ya macho, pale pua inapoanzia, na kingine juu kidogo ya tundu la sikio. Kisha chora kwa mawazo mstari kutoka kila kidole kuingia ndani ya kichwa. Mistari hiyo inapokutana pana mfupa unaoitwa sfenoidi. Una mbawa kama popo, na juu yake kuna kishimo ambacho wanaanatomia wa zamani wa Ulaya walikiona kimefanana na tandiko la farasi la Waturuki, wakakiita hivyo hivyo kwa Kilatini. Ndani ya kishimo imelala tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya harage. Juu yake zinapita neva za macho, zikipishana. Kulia na kushoto imepita karotidi, mishipa minene inayopeleka damu kwenye ubongo. Nyuma yake lipo shina la ubongo, ambalo ndilo linalotuwezesha kupumua tukiwa tumelala.

Hapo ni katikati kabisa ya kichwa, na hakuna upande wa kuingilia usio na mwenyewe. Ukikosea huku, mgonjwa anaamka haoni. Ukikosea kule, haamki.

Kwa maelfu ya miaka watu waliweza kufika huko kwa maiti tu. Watayarishaji wa maiti wa Misri ya kale walipitisha ndoano ya chuma puani, wakatoboa mfupa mwembamba ulio juu ya pua na kuutoa ubongo vipande vipande. Mgiriki Herodoto aliandika habari hiyo. Sisi watu wa Kagera tuna undugu wa mbali na kisa hicho, maana maji ya mto wetu huingia Ziwa Victoria, kisha hushuka na Nile mpaka kwa hao hao Wamisri. Walichotuzidi ni kwamba wao hawakuhitaji mteja wao aamke.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu safari za wagonjwa waliotoka Kagera kwenda kutibiwa mbali. Nyumbani ni Buhembe, ndani ya Manispaa ya Bukoba. Nimeingia kwenye habari za sakafu ya fuvu kwa sababu ya kifamilia nitakayoieleza, lakini nimebaki huko kwa sababu ya neno moja. Wapasuaji wa sehemu hii huzungumza sana juu ya njia. Kisu chenyewe hawakijadili sana. Ugomvi wao wa zaidi ya miaka mia moja ni wapi pa kuingilia: juu, kwa kufungua fuvu na kuinua ubongo, pembeni, nyuma ya sikio, au chini, kupitia pua na mdomo. Na mtu anayesomea safari za wagonjwa hawezi kulisikia neno njia akalipita.

Mfupa huu pia ni mpaka. Juu yake ni himaya ya daktari wa ubongo, chini yake ni himaya ya daktari wa masikio, pua na koo. Anayeujua mpaka wa Mutukula atanielewa haraka. Waingereza na Wajerumani walichora mstari kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta, juu ya ramani, wakapita katikati ya watu waliokuwa wakioana. Aliyekaa karibu na mstari akajikuta yuko mbali na miji mikuu yote miwili. Uvimbe uliomea kwenye sakafu ya fuvu ulikuwa hivyo hivyo: daktari wa juu aliuona uko chini mno, wa chini akauona uko juu mno. Ilifika mwaka 1963 ndipo Alfred Ketcham na wenzake, wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, walipochapisha matokeo ya upasuaji ambao timu mbili ziliingia kwa pamoja, moja kwa juu na nyingine kupitia usoni, zikakutana katikati.

Lakini mtu wa kwanza kufika kwenye pituitari ya mtu aliye hai kwa njia ya chini alikuwa ametangulia zamani. Machi 1907, mjini Innsbruck, Austria, Hermann Schloffer alimfanyia mgonjwa upasuaji kupitia puani. Maneno hayo "kupitia puani" yasikudanganye. Aliikata pua pembeni, akaigeuzia upande mmoja kama mtu anayefungua mlango, kisha akachonga mifupa ya ndani mpaka akafika. Mgonjwa aliamka. Miezi kama miwili na nusu baadaye alifariki, na maiti ilipochunguzwa ikaonekana sehemu kubwa ya uvimbe ilikuwa bado imekaa palepale.

Miaka miwili baadaye, Baltimore, Harvey Cushing alimpasua mkulima wa miaka 38 kutoka South Dakota. Mtu huyo alikuwa na akromegalia, ugonjwa ambao tezi hii humwaga homoni ya ukuaji kwa mtu ambaye ameshakomaa. Urefu hauongezeki tena, ila viganja, nyayo, taya, pua na ulimi vinaendelea kukua. Cushing alianza kwa kufuata njia ya Schloffer, halafu akaibadilisha. Akakata chini ya mdomo wa juu, juu ya fizi, ili uso usibaki na kovu, na akavaa taa kwenye paji la uso. Kati ya mwaka 1910 na 1925 aliwapasua wagonjwa 231 kwa njia hiyo, na waliofariki walikuwa asilimia 5.6. Penisilini ilikuwa bado haijafika hospitalini. Kwa zama zile hayo ni matokeo ya kushangaza.

Vienna, Oskar Hirsch alikuwa na njia nyepesi zaidi. Yeye alikuwa daktari wa pua, na aliingia ndani ya tundu la pua lenyewe, kwa ganzi tu, mgonjwa akiwa macho. Yeye ndiye ninayempenda kuliko wote, labda kwa sababu vitabu vinampa mistari michache. Alikuwa Myahudi; mwaka 1938 Wanazi walipoichukua Austria alilazimika kuondoka, akaishia Boston.

Kisha likatokea jambo ambalo mwanafunzi wa historia hawezi kuliacha. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Cushing mwenyewe aliiacha njia ya chini. Hakukuwa na kipimo cha kuonyesha mapema uvimbe umepanda juu kiasi gani, na kwa mgonjwa aliyekuwa akipofuka alipata matokeo bora zaidi kwa kufungua fuvu. Alipoiacha yeye, karibu dunia nzima ikaiacha. Alibaki Mskoti mmoja, Norman Dott, aliyewahi kufanya kazi chini ya Cushing miaka ya 1920. Aliendelea kuitumia kimya kimya kule Edinburgh. Mwaka 1956 Gerard Guiot wa Paris alikwenda kumtazama, akairudisha Ufaransa. Kwa Guiot akajifunza Jules Hardy wa Montreal, ambaye katika miaka ya 1960 aliongeza hadubini ya upasuaji na picha za eksirei zinazoonekana palepale kwenye skrini. Sasa aliweza kutoa uvimbe mdogo kama punje ya mtama na kuiacha tezi ikiwa nzima.

Kwa hiyo ujuzi ambao leo uko kila bara ulipita kwenye uzi mwembamba, mikononi mwa watu wachache. Nilipofika hapo niliwakumbuka wazee wa huku kwetu. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwakuta wazee wa Kihaya ambao vijana wao walikulia kwenye majembe ya dukani, lakini wao walikuwa wameyeyusha chuma ujanani. Wakajenga tanuri upya kwa kumbukumbu ya mikono yao. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery waliandika juu ya utaalamu huo katika jarida la Science. Kwenye tanuri hatukupata Guiot wetu wa kuja kutazama ili akaendeleze kazi. Aliyekuja alikuja kuandika.

Hapo sasa narudi Afrika Mashariki, maana kosa moja la kusoma historia hii kutoka Vienna na Boston ni kudhani kwamba sisi tulikuwa tunasubiri zamu yetu.

Chini kabisa ya mfupa wa sfenoidi, nyuma ya pua, pana nafasi ambayo hewa hupinda kuelekea kooni. Saratani inayoota hapo ni nadra sana Ulaya, ni nyingi kusini mwa China, na sisi tuko katikati. Huanza kimyakimya. Sikio moja linaziba. Tezi inavimba shingoni wala haiumi. Damu kidogo inachirizika puani. Inapotoboa mfupa na kupanda inashika neva zinazogeuza jicho, mtu anaanza kuona vitu viwili viwili, na wakati huo imeshachelewa. Kisu hakiwezi kuizunguka, kwa hiyo tiba yake kuu, hata leo, ni mionzi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea, hospitali kuu ya Nairobi, ambayo baada ya uhuru ilipewa jina la Kenyatta, ilikuwa na daktari wa masikio, pua na koo aitwaye Peter Clifford. Aliwaona wagonjwa wengi wa namna hii wakitoka nyanda za juu za Kenya. Alijiuliza kama moshi wa kuni ndani ya nyumba zisizo na madirisha ya kutosha ulihusika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliandika katika Lancet juu ya jaribio la kishujaa, au la kukata tamaa, sijui nichague lipi. Walimtoa mgonjwa kwanza sehemu ya uboho wake, wakampa nitrojeni mastadi, dawa iliyo jamaa ya gesi ya sumu ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakamrudishia uboho wake ili damu isife. Mmoja wa wenzake hao, Reginald Clift, baadaye alikuwa kwenye timu ya Seattle iliyofanya upandikizaji wa uboho kuwa tiba ya kawaida.

Kampala, wakati huo huo, Denis Burkitt wa Mulago alikuwa anawaona watoto wenye uvimbe wa mataya unaosukuma jicho nje na kupanda mpaka chini ya fuvu. Alichapisha habari zao mwaka 1958. Burkitt alikuwa mpasuaji, na kwa ugonjwa huu kisu chake kilikuwa hakina kazi. Kukata kulimharibu mtoto uso, na uvimbe ukarudi. Kilichowasaidia ni dawa. Wapo watoto ambao nyuso zao zilirudi kuwa nyuso baada ya dozi chache tu.

Burkitt na Clifford walituma vipande vya uvimbe Ulaya. Desemba 1963 kipande kimoja kutoka Kampala kilipanda ndege kwenda London kwa Anthony Epstein. Ukungu ukaizuia ndege kutua, ikaenda Manchester, na kipande kikafika kimechelewa, maji yake yameshakuwa ya mawingumawingu. Epstein alidhani ni bakteria. Alipoyatazama akakuta seli za uvimbe zinaelea, ziko hai. Kutokana na seli hizo mwaka 1964 kilitangazwa kirusi kinachoitwa mpaka leo kwa jina lake na la Yvonne Barr. Clifford naye alikuwa akipeleka vipande kwa ndege mpaka Stockholm, kwa George Klein. Mwaka 1970 makala katika Nature ilionyesha vinasaba vya kirusi hicho ndani ya uvimbe wa aina zote mbili, wa mataya na wa nyuma ya pua. Jina la kwanza kwenye makala ile ni Harald zur Hausen, aliyekuja kupata Nobeli mwaka 2008 kwa kazi nyingine. Jina la Clifford limo pia.

Nimekaa na makala za namna hiyo maktaba mpaka taa zikazimwa. Sina ugomvi na waliozifanya. Bila wao tusingejua hata tunaumwa nini. Lakini tazama nani alisafiri. Eneo letu limeingia kwenye historia ya sakafu ya fuvu likiwa ndani ya chupa. Mgonjwa wa Nandi au wa Teso, anayejulikana kwa namba, umri na kabila, alibaki wodini, na nyama yake ikapanda ndege kwenda Stockholm. Njia ya kutoka huku kwenda kule ilikuwa wazi na ilifanya kazi vizuri. Iliyokosekana ni ya mgonjwa mwenyewe kufika mahali pa tiba.

Sasa ile sababu ya kifamilia.

Mama mdogo wangu alianza kuitwa mwenye maringo mwaka wa tetemeko. Bukoba hakuna haja ya kutaja tarehe, lakini kwa msomaji wa mbali ni Septemba 10, 2016. Kwetu Buhembe salamu si jambo la kupita. Unasimama, unauliza walilalaje, unauliza na ndizi. Yeye akaanza kupita watu. Mtu akimwamkia kutoka pembeni ya barabara, anakwenda zake kama hajasikia. Wazee walioketi kwenye benchi nje ya duka walianza kusema kwamba tangu mwanaye apate kazi Dar, mama huyu amekuwa hatuoni.

Na kweli alikuwa hawaoni. Kibanjani alikuwa akigonga migomba kwa bega, kulia na kushoto. Nilipomuuliza aliniambia, "Mwanangu, ni kama nimejifunga mtandio ukabana huku na huku. Mbele naona." Alikwenda kupima macho mara tatu, sehemu tatu tofauti, na mara zote tatu akarudi na miwani. Hizo miwani bado zipo kwenye droo.

Mengine yalikuwa yametangulia na hakuna aliyeyaunganisha. Pete ya ndoa ilikatwa na fundi pikipiki kwa koleo. Viatu vilitoka namba 39 vikafika 42. Sauti ilizama, na kanisani akahamishwa kutoka safu ya sauti ya kwanza. Alikoroma hadi watoto wakahama chumba. Uso ulibadilika polepole mno kwa sisi tuliomwona kila siku; ndugu aliyekuja kutoka Muleba baada ya miaka minne ndiye aliyeshtuka mlangoni, "Mawe!" Minong'ono ya uchawi ilikuwepo, na fedha ilikwenda huko pia.

Aliyetambua ni daktari kijana aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Alikaa mbele yake, akamwambia amtazame puani, kisha akachezesha vidole vyake pembeni, kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Mama mdogo hakuviona vidole vya upande wowote. Kipimo hicho hakigharimu hata shilingi moja. Neva za macho hupishana juu ya tezi ya pituitari, na uzi unaopishana ndio ule unaoleta picha za pembeni; uvimbe ukipanda kutoka chini unaubana uzi huo kwanza. Ndiyo maana mtu anabaki na dirisha la mbele na kuta mbili za giza.

Kuanzia hapo njia ya mpasuaji ilikuwa inaanzia Buhembe. Huo ndio ubishi wangu na vitabu. Vinapochora njia ya kufika kwenye pituitari vinaanza na tundu la pua. Kwa mama mdogo puani palikuwa karibu na mwisho.

Kwanza ni barua ya rufaa. Kisha ni Mwanza kwa picha za kichwa, na meli ya MV Victoria ilikuwa haifanyi safari miaka hiyo, kwa hiyo ni basi kupitia Biharamulo, Chato na Geita, halafu foleni ya kivuko cha Busisi, maana daraja lilikuwa bado halijajengwa. (Bibi alifurahia basi. Mdogo wake alizama na MV Bukoba mwaka 1996, na tangu siku hiyo kwake ziwa ni la kutazama tu.) Picha zilionyesha uvimbe wa zaidi ya sentimita tatu. Kisha nyumbani tena, kuchanga. Ng'ombe mmoja, kahawa ambayo haijavunwa, kikundi cha akina mama, mwanaye wa Dar. Kisha Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja, mgonjwa akiwa na kichwa kinachouma kila basi linaporuka tuta. Yule mkulima wa South Dakota alikwenda mbali zaidi kumfuata Cushing, kwa zama zake. Nimetamani sana kujua nani alibaki kumwangalizia shamba.

Mwaka 2006, mpasuaji wa ubongo wa Marekani Dilan Ellegala alipofika Hospitali ya Haydom huko Mbulu, nchi nzima ya watu karibu milioni 40 ilikuwa na wapasuaji wa ubongo watatu. Alimfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi, kufungua fuvu, na jambo hilo lilizua mabishano makubwa juu ya nani anaruhusiwa kufundishwa nini. Uganda ilikuwa na kitengo chake Mulago tangu enzi za Jovan Kiryabwire, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na watu wa Bukoba walizoea kupanda kwenda Kampala kuliko kushuka Dar, mpaka Amin na vita vyake vikaifunga barabara hiyo. Kwetu taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Magazeti ya miaka ya karibuni yameandika zaidi ya mara moja juu ya uvimbe unaotolewa huko kupitia tundu za pua.

Kwa hiyo mama mdogo alipofika Dar, njia ya Hirsch ilikuwa imeshafika kabla yake. Hadubini ya Hardy tayari ilikuwa imepata mshindani: endoskopi, kamera nyembamba kama kalamu, ambayo wapasuaji wa Pittsburgh, Hae-Dong Jho na Ricardo Carrau, waliieneza kwa kazi hii katika miaka ya 1990. Kilichobaki kuwatesa kilikuwa ni kuziba. Ukitoboa sakafu ya fuvu, maji yanayozunguka ubongo huvujia puani, na vijidudu vya puani hupanda kwa njia hiyo hiyo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2006 madaktari wa Rosario, Argentina, walielezea namna ya kukata ngozi laini ya ukuta unaotenganisha tundu za pua, kuiacha ikiwa imeshikamana na mshipa wake wa damu, na kuilaza juu ya tundu kama kiraka kilicho hai. Kwa maoni yangu hicho kiraka kina thamani kuliko kamera. Lakini kiraka hakipigwi picha.

Daktari alitueleza haya kwa simu, tumeizunguka sebuleni. Alipofika kwenye pua, Bibi alimkatiza.

"Waitu daktari, unasema ubongo mtautolea puani? Kwani ni kamasi?"

Daktari alicheka mpaka tukacheka na sisi. Kisha akarudia tena, pole pole, kwamba ubongo hautaguswa, na hiyo ndiyo sababu ya kupita chini.

Walikuwa wapasuaji wawili mezani, wa pua na wa ubongo, kila mmoja na tundu lake, mmoja ameshika kamera na mwingine vyombo. Mpaka ule wa Mutukula niliousema ulikuwa umefunguliwa. Ilichukua saa nne na nusu. Aliporudi wodini hakuwa na bandeji kichwani, na Bibi, aliyekuwa anafuatilia kwa picha za simu, alikataa kuamini kwamba amepasuliwa. Kwa wiki kadhaa alikatazwa kupenga kamasi, kuinama na kunyanyua ndoo. Akitaka kupiga chafya afungue mdomo. Nyumba nzima iliishi kwa kuogopa pilipili.

Jicho la kulia limerudi, karibu lote. La kushoto limebaki na ukuta wake upande wa nje, kwa sababu neva iliyobanwa kwa muda mrefu hufa, na kati ya miwani ya kwanza na vile vidole vya daktari kijana ilipita miaka miwili. Vidole vyake vimepungua unene, mifupa haipungui. Viatu ni 41. Kwaya wamemrudisha, ila safu ya nne, na anadai ndiko kwenye raha.

Vitabu vya upasuaji huishia hapo, kwenye jedwali la waliopona. Tezi iliyobanwa miaka yote hiyo haikuamka vizuri. Kila asubuhi mama mdogo anameza haidrokotisoni kufidia kile ambacho mwili wake hautengenezi tena, na amefundishwa kuongeza dozi akipata malaria. Kuna wiki ambazo dawa hiyo haipo kwenye maduka ya dawa mjini Bukoba, na mtu anayekuja kutoka Mwanza anaombwa abebe. Mara mbili kwa mwaka anatakiwa apimwe homoni ya ukuaji, kuona kama masalia ya uvimbe yanaamka. Kipimo hicho hakifanyiki hapa. Damu inatolewa Bukoba asubuhi, inawekwa kwenye boksi lenye barafu, inakwenda uwanja wa ndege na kupelekwa Dar es Salaam. Kwenye chupa wanaandika jina lake kamili, la ubatizo na la ukoo, na namba yake ya simu. Mara ya mwisho majibu yalirudi baada ya siku tisa.